Ukungu wa Julai Nao Ugawanywe

Soni, Lushoto
22 Julai 1974

Ndugu Mhariri,

YAH: KUNYIMWA HAKI YA KUPANGISHA WIKI ZANGU MBAYA

Shikamoo. Kama u kijana, basi mpelekee baba yako hiyo, na mimi nakuitikia marahaba kabisa. Naitwa Tobia Shechambo, mkulima wa kabichi na viazi katika kijiji kimoja cha ujamaa juu ya Soni. Sijawahi kuandikia gazeti. Safari hii nimechokozwa.

Kijijini kwetu kuna nyumba ya mawe iliyoachwa na Mzungu mmoja wa mkonge. Alikuwa akipanda huku kukimbia joto la Korogwe. Baada ya Azimio la Arusha nyumba ikawa yetu sote, na kamati ikaamua kila mwananchi apumzike kama Mzungu yule alivyopumzika. Kaya zetu ni ishirini na sita, mwaka una wiki hamsini na mbili, kwa hiyo kila kaya ikapewa wiki mbili. Hesabu hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni huu ufuatao.

1. Kura zilipigwa kwa vikaratasi ndani ya kapu la sadaka la usharika. Mwenyekiti wetu, Ndugu Silvano, alitangulia kuchota ili atuonyeshe mfano. Akapata wiki ya Krismasi na wiki ya Mwaka Mpya, wakati jua linawaka, matunda yameiva, na watu wa Tanga wako radhi kulala hata barazani mradi wapate ubaridi. Katibu akapata Januari. Mweka hazina, Februari. Sisi wengine tukagawana masika na kipupwe. Mimi niliangukia wiki ya pili ya Aprili na wiki ya tatu ya Julai. Simsingizii mtu, nasema tu kwamba Ndugu Silvano ni mzee wa kanisa na kapu lile amelishika miaka mingi.

2. Nyumba hiyo iko ng'ambo ya bonde, inatazamana na kwangu. Aprili, mke wangu Raheli na mimi tulikwenda kupumzika kwa amri. Mvua ilinyesha siku zote saba. Tulikaa dirishani tukiwatazama mbuzi wetu wakila maharage yetu, na kamati ikatukataza kwenda kuwafukuza kwa sababu tulikuwa mapumzikoni. Siku ya tano paa letu lilianza kubomoka upande wa jikoni. Tuliliangalia nalo, tumepumzika hivyo hivyo.

3. Ndipo Julai nikaona heri nimpangishe mtu anayependa shida. Akaja Ndugu Mbaraka, fundi cherehani wa Tanga. Hakunipa hata senti. Alileta debe la chumvi na papa wakavu watatu, na duka letu la kijiji lilikuwa halijaona chumvi tangu Pasaka. Siku saba nzima aliniuliza milima ya Usambara iko wapi, maana kwa ukungu ule hakuona hata choo. Lakini alikiri kwamba tangu azaliwe hajapata usingizi mtamu namna ile. Sasa hapo nani amenyonywa, jamani?

4. Mwenyekiti ameniita mnyonyaji mbele ya watu. Anasema Azimio linamkataza kiongozi kupangisha nyumba. Kweli kabisa! Ila mimi si kiongozi, hata kwaya sijawahi kuiongoza. Tena sikupangisha nyumba, nilipangisha wiki. Wiki haina mlango wala bati. Yeye Krismasi alikuwa na wageni watano aliowaita mashemeji, ingawa mkewe alizaliwa peke yake kwao. Mashemeji hao walimwachia baiskeli, saa ya ukutani na gunia la sukari. Hizo zikaitwa zawadi. Chumvi yangu ikaitwa kodi. Loo!

5. Mkutano wa Jumamosi utaamua ninyang'anywe wiki zangu zote mbili, na jina langu libandikwe kwenye ubao wa ofisi chini ya neno WANYONYAJI. Raheli analia. Anasema afadhali ale mboga chapwa hadi kufa kuliko kulisoma jina letu pale kila akienda kuteka maji. Inaniuma sana, Ndugu Mhariri. Barabara ya kufika kwenye nyumba ile mawe yake niliyabeba mimi mgongoni.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kama kupangisha wiki ni unyonyaji, basi wiki zote zitaifishwe, tena zitaifishwe pamoja na hali yake ya hewa. Desemba isiwe mali ya mtu mmoja. Ikatwe vipande ishirini na sita, kila kaya ipate siku yake ya jua na masaa machache ya nyongeza. Ukungu wa Julai nao ugawanywe sawasawa, na fungu la Mwenyekiti lipelekwe nyumbani kwake. Hilo likishindikana, Krismasi ihamishiwe Julai. Nimeshamweleza mchungaji wetu. Amesema hana mamlaka, nimwulize askofu.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata anayefagia. Wasalimie pia wasomaji wa Mtae, ambao hawajapewa nyumba ya mapumziko na kwa hiyo wanapumzika vizuri.

Ni mimi, niliyechoshwa na mapumziko,
Tobia Shechambo

N.B. Kabla sijaifikisha barua hii posta, nimegundua jambo. Ndugu Mbaraka hakurudi Tanga. Yumo mle mle, kitanda kile kile, ila wiki hii ni zamu ya jirani yangu Secilia, mjane mwenye watoto wanne, na chumvi sasa inakwenda kwake. Eti yeye anampa kuni kavu na uji wa moto. Wameshapatana mpaka Julai ya mwakani! Huu ni unyonyaji wa mchana kweupe. Tafadhali yafute yote niliyoyaandika hapo juu. Nimekwenda kwa Ndugu Mwenyekiti na tumeelewana vizuri sana. Jumamosi jina langu halitatajwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono ili mama yule anyang'anywe wiki zake. Wiki hizo nitazitunza mimi, kwa niaba ya wananchi.