Kivuli cha Msomi

Jumanne, 14 Mei
Mti wetu wa mjozi umeinama. Nataka kuukata mwenyewe. Jirani Valko anacheka: eti utaniangukia paani, sijui hata urefu wake. Sijui? Mimi, bingwa wa jiometria darasa zima! Nikasimama juani nipimwe kivuli, kisha tukapima cha mti, nikapiga hesabu. Fundi Pandil, anayemjengea Valko nyumba, alijitolea kushika uzi. Mtu mwema. Mita kumi na nne! Valko kaenda zake. Raha iliyoje!

Jumatano, 15 Mei
Mke wangu Nedyalka kauliza uzi uko wapi. Nikasema kaondoka nao Pandil. Akaangusha sufuria. Akanikumbusha, kana kwamba mimi mgeni hapa: fundi akikupima kivuli kwa uzi na kuuzika ukutani, nyumba husimama imara, na wewe humalizi siku arobaini. Na ukuta wa Valko, uliokuwa ukianguka kila ukijengwa, leo umesimama. Nikamwambia mimi ni msomi. Supu imenishinda.

Ijumaa, 17 Mei
Kivuli changu kimepungua! Nikajituliza. Mwezi huu jua hupanda, vivuli vyote hupungua, tulifundishwa. Kwa uhakika nikapima na cha nguzo ya uzio, maana tuko kimo kimoja. Cha nguzo kinakipita changu kwa shubiri mbili. Nikarudia. Shubiri mbili. Mbwa wa Valko, adui yangu wa miaka, kanipita bila kubweka, kama hapakuwa na mtu. Naogopa. Msomi au si msomi, naogopa.

Jumamosi, 18 Mei
Nikamwomba Pandil uzi. Alisema upo mahali pema, akanishauri nile vizuri. Sawa! Fizikia nayo tulisoma: wenzo mrefu, nguvu kidogo. Valko alipokwenda sokoni nikachomeka mtaimbo chini ya jiwe la pembeni la ukuta wake, nikaning'inia juu yake. Jiwe likatoka. Uzi huo hapo, umelowa, una joto. Nikakimbia kuuchoma jikoni kwetu. Nyuma yangu ukuta wote ulikuwa umelala chini. Sikusikia kishindo chochote.

Jumapili, 19 Mei
Kivuli sawa na cha nguzo! Mbwa kanibwekea, nusura nimbusu. Valko kanitukana mpaka mababu zangu. Pandil hakukasirika hata kidogo. Kaisifu elimu yangu mbele ya watu wote waliotoka ibadani, akasikitika tu kwamba mnara wa kanisa hakuna awezaye kuupima. Hakuna? Na mimi nimesimama hapo hapo! Nedyalka kaning'ang'ania mkono, analia. Ushirikina huu! Ukuta si umeshaanguka? Tumepima jioni, changu kwanza, kisha cha mnara, vivuli vikiwa virefu kabisa. Pandil kaja na uzi wake mwenyewe, mpya, mnene. Mita ishirini na mbili! Watu wamepiga makofi. Kesho Valko anaanza ukuta upya.