Tishu Isiyosaini Mahudhurio

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, tangazo lenye mihuri mitatu lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa maabara: hospitali imeingia zama mpya za ufanisi, na kuanzia saa tatu asubuhi tishu unganishi haitambuliki tena.

Mtaalamu wa maabara alilisoma mara mbili. Ndani alimkuta Mkurugenzi ameinamia hadubini, fomu ya mahudhurio mkononi.

"Njoo ujionee, dada. Kwenye msuli seli zimebanana, zinachapa kazi. Huku kwenye kano, hii tishu unganishi inayofunga msuli kwenye mfupa, nimehesabu seli nne! Zimekaa mbalimbali kama ziko likizo."

"Hizo nne ndizo zilizotengeneza nyuzi zote hizo, bosi. Na nyuzi ndizo zinazoushika mwili usisambaratike."

"Nyuzi hazisaini mahudhurio."

Katibu wake, aliyesimama kando, aliiandika hoja hiyo na kuipigia mstari.

Upasuaji wa kushona kano nao ulisitishwa, kwa sababu kisichotambuliwa hakishoneki. Wagonjwa tisa wakafutwa kwenye orodha. Wa kwanza, fundi cherehani aliyekatika kano ya kidole gumba, alikuwa bado kwenye benchi la nje.

"Dada yangu, mkono huu ndio unaolisha wanangu. Niende wapi?"

"Usibanduke hapo, kaka," mtaalamu wa maabara alimjibu.

Saa tano kamili Mkurugenzi aliitwa jukwaani kuzindua zama mpya. Alipanda ngazi mbilimbili. Kikasikika kitu kikikatika, naye akaanguka kifudifudi.

"Nani kanipiga teke kisiginoni?"

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Hata hivyo mlinzi wa mlangoni alihojiwa.

Daktari wa upasuaji alimminya kisigino. "Kano imekatika. Bila kushonwa, hutatembea sawasawa."

"Basi nishone!"

"Haitambuliki, Mheshimiwa," katibu alisema kwa masikitiko, akimwonyesha mihuri.

Mtaalamu wa maabara alipiga magoti kando ya machela, akamwekea karatasi ya kufuta tangazo na kalamu.

"Saini, bosi. Nyuzi haziwezi."

Mkurugenzi alisaini saa tano na dakika ishirini na nane. Orodha ya wagonjwa tisa ilirudishwa ukutani kama ilivyokuwa, na jina lake likaongezwa chini, kwa mpangilio wa kufika.

Saa sita na robo, fundi cherehani aliingizwa chumba cha upasuaji. Mkurugenzi alipewa nafasi kwenye benchi, namba kumi.