Malalamiko Dhidi ya U Tatu Zilizoingia Bila Kibali

Mansour Jumbe,
Duka la Vitambaa,
Mayfair, Johannesburg.

Ndugu Mhariri wa gazeti la Jirani,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima wa afya, wewe na wote mnaofanya kazi pamoja, isipokuwa huyo mtunzi wa fumbo la maneno anayejiita Fundi Kufuli. Huyo naye namwombea afya, ili aweze kufika mbele ya wazee kujibu mashtaka.

Nieleze kwanza tulivyofika hapa. Mimi ni mtu wa Tanga. Mke wangu, Masika, ni wa Butembo, Kongo. Binti yetu Mayasa kazaliwa hapa hapa Johannesburg; Kiswahili anakielewa, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Mama yangu akipiga simu kutoka Tanga, mtoto anaishika, anatabasamu, ananirudishia. Mama huniuliza kama mjukuu wake ni bubu. Inaniuma, Ndugu Mhariri. Ndipo nikaanza kununua gazeti lako, tukawa tunafumbua fumbo watatu kila Jumamosi, kwa sharti moja: mezani ni Kiswahili tu.

Na dawa ilikuwa inafanya kazi. Jumamosi iliyopita Mayasa alifumbua peke yake kidokezo hiki: "Mwanzo wa taabu waingia motoni, hapo ndipo furaha ya wazazi." Akachukua T ya TAABU, akaitia ndani ya MOTO, akapata MTOTO. Nilimkumbatia mpaka akasema, "Eish, Papa." Tukajaza kila kiboksi, MTU, MKE na wengineo, kwa wino, tulivyojiamini. Kisha tukasoma maelekezo ya mwisho, yaliyochapwa kwa herufi za sisimizi: "Wamefika wageni watatu, kila mmoja na U yake. Wakaribisheni kwenye nyumba za M, ndipo jedwali litakapokamilika."

Yaani MTU awe MUTU, MKE awe MUKE, na MTOTO wangu awe MUTOTO. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kiboksi kimoja ni cha herufi moja. M yangu ilikuwa imekaa peke yake kwa heshima zake, leo inaambiwa ibanane na U. Biashara ya kukata chumba kwa pazia na kupangisha wawili tunaijua hapa mjini, ila hatukutegemea kuikuta gazetini.

2. U hizo zimeingia bila kibali. Mimi nimesimama foleni za makaratasi tangu alfajiri, mwaka hadi mwaka, najua kibali ni nini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hizi zimepewa nyumba siku ya kwanza.

3. Mke wangu alicheka.

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu tuoane namwambia kwamba katika Kiswahili sanifu U hiyo haipo, naye hunijibu kwamba kwao Butembo ipo na haijamdhuru mtu. Sasa amelikata jedwali na kulibandika kwenye mlango wa friji. Akiniletea ugali ananitangazia kuwa ni bugali, kwa B, na nisipoukubali kwa jina hilo sahani inarudi jikoni. Nimekonda.

4. Leo U, kesho B. Keshokutwa majirani zetu Wazulu nao wataleta zile sauti zao za kugonga ulimi, tutazikalisha kiboksi gani? Mama yangu alikuwa akinifinya sikio nikikosea ngeli moja tu. Nami nimehangaika na huyu mtoto neno kwa neno, na siku aliyopata neno la kujivunia, gazeti lako limelitia kiraka. Akimtamkia bibi yake hilo, Tanga nzima itasema Mansour kazamia Johannesburg kapoteza na lugha.

Kwa hiyo naomba Fundi Kufuli aombe radhi ukurasa wa mbele. Jibu likishakuwa sahihi lisiguswe tena. Na kila U iliyozidi irudishwe mpakani kwa gharama ya gazeti. Ikishindikana, nitawakusanya watu wa Tanga waliopo mjini baada ya sala ya Ijumaa, tuje ofisini kwako na vifutio.

Nisalimie mchapaji, mlinzi wa mlangoni na mama anayewapikia chai. Masika anakusalimu pia, kwa furaha iliyopita kiasi.

Wako katika lugha iliyonyooka,
Mansour Jumbe

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha simu ikalia. Ni mama. Kabla sijaifikia, Mayasa ameshaichukua. Badala ya kutabasamu akasema, "Shikamoo Bibi. Miye niko Mayasa, mutoto ya Mansour." Makosa niliyahesabu papo hapo, nikangoja mama ayataje. Kisha nikamsikia analia, anasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Hebu rudia." Akarudia vilevile, na U yake. Waliongea mpaka salio likaisha. Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi, Ndugu Mhariri, madai yote ya hapo juu nimeyafuta. Ziacheni U zikae, na Jumamosi niwekee magazeti mawili, maana Mayasa hataki tena kunigawia lake. Naishia hapa, bugali wangu unapoa.