Tangi ya Bwana Magoti

Jumanne, 6 Agosti 1957
...basi, kama nilivyokuwa naandika kabla Micah mpishi hajanikatiza akitaka kiberiti. Mvua ya mawe imeanguka hapa Molo mpaka kilima yote nyeupe. Bwana Magoti, mzungu mwenye shamba, sisi ndio tumemwita hivyo kwa sababu ya kaptura, akafunga miguuni zile mbao mbili za kuteleza kwa theluji alitoka nazo Ulaya. Akateremka fyuuu! mpaka kwa boma ya kondoo. Akaanguka. Akapanda tena. Mtu mzima! Sasa mifupa inamuuma, kila jioni anataka kukaa kwa ile tangi ya maji moto huko nje, kichwa tu inaonekana kama kiazi kwa sufuria, anaimba. Moto ni wangu. Mimi ndiye dobi, mimi ndiye najua maji. Micah ati maji moto ni kazi ya jikoni. Maneno!

Jumatano, 7 Agosti
Taabu. Memsabu, bibi ya Bwana, amechoka na kelele yetu. Amesema mmoja atabaki na tangi, mwingine aende kuchuma pareto. Mimi! Na mgongo huu! Na nikiwa huko shamba, habari ya nyumba kubwa nitatoa wapi? Micah ametia majani ya limau kwa maji. Bwana akasema veri gudi. Chakula ikanishinda.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimepata! Maua! Memsabu anapenda maua. Nimeenda kwa kaukau, pale wanakausha pareto, nikajaza aproni, nikamwaga yote kwa tangi. Nyeupe, nzuri, tena inaua viroboto. Jepkosgei wa maziwa akaniuliza, Mama Zeddy, kwani hujaona vipele kwa mikono ya wachumaji? Nikamwambia hiyo ni mikono ya uvivu. Ngozi ya Bwana inalala kwa barafu, itaogopa ua?

Ijumaa, 9 Agosti
Iliogopa. Bwana amekuwa mwekundu kama nyanya, anajikuna kwa mlango kama ng'ombe. Micah anampaka malai ya maziwa huku anatabasamu. Memsabu amenipa nafasi moja tu, kesho, kisha nichukue kikapu. Micah akaniambia kwa upole, pole mama, shamba iko na hewa safi. Mshenzi.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimeamka na furaha. Kosa haikuwa yangu, ni ya maua. Mtu afuate kazi anajua. Shati za huyu mzungu nimefua miaka mingi. Shati ikigeuka rangi naitia ile buluu ya kufulia, inarudi nyeupe pe. Sasa Bwana si amegeuka rangi? Nimetia pakiti yote kwa maji ya tangi. Halafu ile ya akiba. Giza imeanza, ameingia bila kuangalia, anaimba. Micah amechungulia ndani ya tangi, akaenda kukaa nyuma ya jikoni peke yake, mabega yanatingika. Analia, maskini. Mimi nikikubaliwa leo nitaomba blanketi mpya, tena nitamwambia Memsabu hata yeye mwenyewe aki

Memsabu anaita. Bwana pia anaita, na mbwa anambwekea kama hamjui. Naenda kuchukua blanketi.