Koti la Marehemu Gasto Lililouawa Bomani

Kijijini, 10 Julai 1975

Ndugu Urbano, Katibu wa Kikundi cha Utamaduni,

Natumaini u mzima na sauti imekurudia baada ya nyimbo za Sabasaba. Mimi sijambo. Nakuandikia kwa heshima kulalamikia ule mchezo wenu wa kuimba, wa habari za zamani, mliouonyesha kwenye boma la Wajerumani kule Mkalama.

Ulikuja kwangu kuazima koti la marehemu mume wangu, Gasto. Nilikupa kwa moyo mmoja, wala sikuuliza atalivaa nani. Kumbe ni Ignas wa duka la ushirika, na Ignas ndiye Mjerumani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Koti liliimba. Ndugu Katibu, koti lile halijawahi kuimba. Gasto alilivaa kanisani miaka kumi na sita, na siku zote alikuwa akifungua mdomo tu ili padri asimwone amenyamaza. Ignas alipotokea mlango wa boma akiimba habari za kodi ya kichwa kwa sauti nzuri vile, niliona haya, kama mke aliyegundua kwamba mumewe alikuwa anajua kitu akamficha.

2. Katikati ya wimbo wa kodi, Ignas alitia mkono mfuko wa kushoto, akakuta karanga, akazitafuna. Zile ni karanga za Gasto. Nilikuwa nimeziacha humo tangu mazishi. Mjerumani alitunyang'anya mengi, lakini karanga hizo hazimo katika historia.

3. Mlimuua. Mkuki ulimpata ubavuni, karibu na kifungo cha tatu, kile nilichokishona kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha. Akaanguka kifudifudi vumbini. Watu wote wakashangilia. Mimi nilisimama nikasema, "Gasto, amka, koti linachafuka." Kisha nikalia.

4. Jirani yangu Yunisi hakuuliza nalia nini. Kwetu jirani haachwi alie peke yake. Naye akaanza. Wakafuata akina mama wa mbele, kisha wa nyuma, ambao hata hawakuona ni nani aliyekufa. Mashujaa waliomuua wakalaza mikuki chini, wakavua manyoya kichwani. Mpiga ngoma akabadilisha mapigo. Mwishowe Mjerumani mwenyewe akainua kichwa, akatutazama, akaketi akalia pamoja nasi, akidhani msiba umetufikia kweli.

5. Balozi wetu wa nyumba kumi ameandika jina langu, kwamba nimemlilia mkoloni hadharani. Naomba aandike na lake, maana ndiye aliyeniletea kigoda nilie nikiwa nimekaa.

6. Watoto waliojificha nyuma ya ukuta na bendera, wakingoja Mjerumani afe ili waingize Uhuru, ilibidi wangoje matanga yaishe. Kwa hiyo Uhuru ulichelewa saa nzima kwa sababu yangu mimi, mjane nisiye na cheo chochote. Sijui nitalijibu wapi jambo hili.

Basi naomba Mjerumani asiuawe tena. Ashindwe kwa wimbo, apewe jembe, agawiwe ekari moja ya mtama na kuamka alfajiri kwenda shamba la pamoja kama sisi. Hiyo adhabu inamtosha. Na koti lirudishwe kabla ya Jumapili. Likung'utwe tu, lisifuliwe, kwani bado lina harufu ya tumbaku ya Gasto.

Mpe mama yako shikamoo yangu. Wasalimie wapiga ngoma, mashujaa wote na wale watoto wa Uhuru. Ignas naye mwambie sina kinyongo, aliimba vizuri.

Ni mimi mwanakijiji mwenzenu,
Redempta, mjane wa Gasto

Nyongeza: Yunisi amepita sasa hivi kuniambia kwamba mchezo utarudiwa bomani Jumamosi. Alipoondoka nilikaa nikautazama msumari wa koti ukutani. Hapa nyumbani koti huning'inia tu. Kule nililiona likitembea, likipanda ngazi polepole, mikono nyuma, kama Gasto alivyozoea. Basi msilirudishe. Mjerumani auawe kama mlivyopanga, ila aanguke chali, na asiharakishe kufa. Ndani ya bahasha kuna karanga za mfuko wa kushoto. Lori la kwenda bomani likiondoka Jumamosi, mnikumbuke nami nipande.