Kiingereza cha Kumzuia Eveline

Jumatatu, 2 Juni

Wanakuja Jumamosi. Washenga! Wanakuja kumposa Eveline wangu. Kijana anaitwa Lukelo, mwalimu wa shule ya msingi. Hana kasoro, nimetafuta. Havuti, hanywi, akisalimia anainama. Kasoro ni kituo chake cha kazi: Masagati. Ukifika Mlimba unadhani dunia imeisha, kumbe Masagati bado iko mbele.

Nani atabaki dukani? Nauza spea za baiskeli hapa Ifakara tangu Eveline hajazaliwa, lakini siku hizi yeye ndiye anayejua gololi ziko kopo gani. Sikubali. Ila sitasema sikubali, maana Digna mke wangu ameshaninunia mapema, kwa tahadhari. Nitawashinda kwa hoja. Msemaji wao ni Viktor, baba mdogo wa kijana, fundi mitambo huko kwenye miwa, Kidatu. Inasemekana akibanwa anachomoa Kiingereza, na watu wote wanakuwa wapole. Nami nitachomoa changu. Kwanza nikipate.

Jioni alikuja shemeji Maximilian, kaka yake Digna, karani mstaafu. Akajitolea kuwa msemaji wetu. Eti kwa desturi baba wa binti hukaa kimya. Desturi ya nani? Nikamwambia nitafikiri. Sifikiri ng'o.

Jumanne, 3 Juni

Nimekipata!

Mzungu mmoja wa utafiti wa mbu alishushwa na bodaboda mbele ya duka. Dereva akadai aongezewe. Akasema njia ya Idete ina tope, wameanguka, suruali yake ndiyo shahidi. Alifoka kweli. Mzungu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno mawili tu: "Fea inafu." Dereva kimya! Akawasha pikipiki, akaondoka zake akipiga mluzi. Ni kweli Mzungu alimpa na hiyo nyongeza, lakini hiyo ni huruma yake mwenyewe.

Ningemuuliza Eveline maana, Kiingereza chake ni kizuri, lakini huwezi kuazima panga kwa mtu unayetaka kupigana naye. Na kichwa ninacho. Fea ni nauli, imeandikwa kwenye tiketi za basi. Inafu ni inatosha. Nauli inatosha, funga mdomo! Nimefanya mazoezi kwenye kioo cha pembeni cha baiskeli. Ni kidogo, kinaonyesha mdomo peke yake. Ndio unaotakiwa.

Jumatano, 4 Juni

Majaribio kwa Digna. Alianza asubuhi: bati la jikoni linavuja tangu masika, ameniambia mpaka amechoka, mimi kazi yangu ni kuahidi. Nikasimama. Nikakohoa. "Fea inafu!"

Akanyamaza. Digna amefua shuka za masista miaka mingi, Kiingereza anakisikia. Aliniangalia kama ananiona mara ya kwanza. Machozi yakamlengalenga! Nikaona nimempiga vibaya, nikamwonea huruma.

Mchana: wali wa mpunga mpya, perege wa kukaanga, na ndizi. Sijapikiwa hivyo tangu Pasaka. Baada ya kula akaja na nyundo na misumari, akanishikia ngazi. Sikuelewa ngazi inahusikaje, lakini mtu akishakushikia ngazi huwezi kukaa tu chini. Bati limegongwa. Silaha hii ina nguvu kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 5 Juni

Mzungu karudi, anataka tyubu. Akachukua ile ya bei rahisi. Eveline akamweleza kwa Kiingereza, nadhani kwamba ile haitamfikisha popote. Mzungu akacheka, akasema, "Yu hev a pointi." Akachukua ile nzuri.

Pointi! Hii hata mtoto anaijua. Pointi moja! Timu yenye pointi moja inashuka daraja. Una pointi moja tu, usijisumbue. Nimeiongeza kwenye ghala.

Jioni Maximilian tena. Akasema mimi nina hasira za karibu, na kwenye kipaimara cha Fausta, binti yake, niligombana na mpiga picha, kwa hiyo afadhali aseme yeye. Nikampa zote mbili kwa mpigo. Akanishika mkono kwa mikono miwili! Akasema hakutegemea, Mungu ni mkubwa, Jumamosi atavaa koti la kijivu. Ameshindwa vizuri, bila kinyongo. Ila hilo la koti sikulielewa.

Ijumaa, 6 Juni

Leo sikufanya majaribio.

Tulikuwa wawili dukani, Eveline anasafisha friwili ya gurudumu la nyuma kwa mafuta ya taa. Akaniuliza bila kuinua macho nasemaje kuhusu Masagati. Nikasema huko hakuna mtandao. Akasema kuna kilima kimoja mtandao unashika, Lukelo amejaribu, na yeye mwenyewe kila Jumapili akitoka kanisani atapanda anipigie. Nikasema mvua je? Akasema atapanda na mwavuli.

Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Fea inafu. Hayakutoka. Nikamwambia afute vizuri ile friwili, ina vumbi ndani. Haikuwa na vumbi.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika usiku, wageni wameshalala.

Walifika saa nne. Viktor na tai yake, na miwani. Akaamkia wazee wote, hata jirani aliyekuja kuazima chungio. Maximilian akakaa mbele na koti lake la kijivu, akakohoa kuanza. Nikakohoa juu yake. Nikamnyooshea kiganja. Hapa nasema mimi!

Viktor akasema mwalimu hawezi kuacha wanafunzi wake, hivyo binti ataenda kuishi Masagati. Akakunja mikono, akasubiri vita. Nikainuka.

"Fea inafu!"

Viktor akavua miwani. Akasema, kwa tahadhari sasa, kwamba wangependa harusi iwe mapema, Agosti hii hii. Nikasema kwa sauti kubwa zaidi, "Fea inafu!" Akasema tena, karibu kwa kunong'ona, kwamba wangeomba ifungwe Kidatu, maana ndugu wengi wako zamu kiwandani. Nikainua kidole kimoja juu, kama refa. "Yu hev a pointi!"

Nikakaa. Nikasubiri waondoke kwa aibu.

Vigelegele! Vilianzia jikoni, kwa Digna, vikatoka mpaka barabarani. Viktor akanikumbatia, tai yake ikaniingia mdomoni. Akasema aliambiwa mimi ni mgumu kama mpingo, hakulala, kumbe Ifakara kuna mzee muungwana hivi. Maximilian alikuwa analia kwenye koti.

Nilimvuta Maximilian nyuma ya banda la bata nikamuuliza kumetokea nini. Akadhani namtania. Halafu akaelewa, akashika mdomo. Akanieleza polepole kama mtu anayetoa habari ya msiba. Fea inafu maana yake ni hilo ni haki, nakubali. Yu hev a pointi maana yake ni hoja yako ina ukweli.

Nilikaa na bata.

Nikaamua kurudi kufuta yote. Lugha imenichezea, watu wataelewa. Mlangoni nikakutana na Eveline. Akapiga magoti, akanishika mikono.

"Baba, ulijua ulichokuwa unasema?"

Nikageuka kutazama bata.

"Kama ulikosea, sema sasa hivi. Chakula bado hakijapakuliwa. Nitaenda kuwaambia mimi mwenyewe, na sitakulaumu."

Nikamwangalia. Mikono yake ilikuwa bado inanuka mafuta ya taa, pamoja na hina yote ile. Alikuwa amesema kweli: angeenda. Angeingia pale ndani na kuwaambia, na kesho angefungua duka kama kawaida.

"Nilijua neno kwa neno," nikasema. "Kiingereza nilikimaliza kabla hujazaliwa."

Akaniegemea kichwa kifuani, akalia. Nikamwambia Masagati asubuhi kuna baridi, achukue lile koti langu kubwa. Nikamwambia anionyeshe gololi ziko kopo gani.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kanisani nimepewa mikono hadi na watu nisiowajua. Mjumbe mmoja ameuliza kama niko tayari kuingia baraza la usuluhishi la kata, maana mtu wa kukubali hoja za wengine ni adimu. Nimekubali. Ni haki yangu.

Baadaye Viktor alipita kuaga. Akasema tarehe ya harusi, kumi na sita Agosti, ni Ijumaa. Maximilian akasema ni Jumamosi, akamwonyesha kwenye simu. Viktor akanyoosha mgongo, akatoa kifua, akasema, "Ai stendi korekted." Hakuna aliyebishana naye tena! Hakuna!

Nimekaa nayo mchana kutwa. Ai ni mimi. Stendi ni kusimama. Korekt ni sahihi, walimu huiandika kwenye daftari. Mimi nimesimama, niko sahihi! Maneno gani haya! Ukishayatamka, nani atakuambia nini?

Maximilian alianza kunieleza eti maana yake ni nilikosea, nashukuru kwa kusahihishwa. Nikamkatiza. Safari ile alipata bahati, amevimba kichwa.

Jumanne nakwenda ofisi ya elimu kuomba mwalimu Lukelo ahamishiwe Ifakara. Ofisa atakuwa na sababu zake, upungufu wa walimu, sijui taratibu. Nitamwacha azimalize zote. Kisha nitasimama.