Ulimi wa Kuazima

Jumanne, 5 Agosti 1958

Mwezi wa tatu tangu niondoke Nzega, bara, nikavuka bahari kuja kuchuma karafuu. Bado niko shambani kwa Shehe Nassor, nje ya Konde, juu ya mikarafuu. Shingo inauma. Magoti yanauma. Jino la nyuma nalo limeanza. Chakula: muhogo na ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi mwenye harufu ya kiatu. Jana: muhogo na ng'onda. Ya kesho sihitaji kuyaandika.

Leo nimesikia jambo geni. Bi Mwanamize, mpishi wa nyumba kubwa, amesema Shehe Nassor ni mjuzi wa kula. Nikamwuliza kula kunahitaji ujuzi gani, maana mimi nakula tangu nizaliwe na sikufundishwa na mtu. Akacheka. Akasema mimi sili, najaza shimo. Shehe akitia tonge moja tu kinywani anajua nazi ilikunwa leo au jana, na kuku alikuwa mtetea au jogoo. Nikauliza, mtetea akishajulikana inasaidia nini? Akasema, "Nenda zako mikarafuuni, baba."

Nimefikiri siku nzima. Nani amewahi kumwona mjuzi wa kula juu ya mti? Hakuna!

Jumatano, 6 Agosti

Nimepeleka kuni jikoni saa ya chakula, makusudi, nikamchungulia Shehe barazani. Siri nimeipata. Anafumba macho. Anatafuna polepole. Ananyamaza. Halafu anasema neno moja, na kila mtu anaitikia.

Jioni nikamsimulia Jecha, mchumaji mwenzangu kutoka Tumbatu. Kosa hilo. Nikafumba macho, nikatafuna muhogo polepole. Nilipofumbua, ng'onda wangu hayupo na Jecha anajifuta mdomo. Akaniuliza kwa upole, "Vipi, mjuzi, samaki alikuwa mtetea au jogoo?" Mwizi!

Lakini nimegundua kitu. Muhogo, ukifumba macho, una ladha. Kwanza utamu kidogo, halafu kitu kama udongo uliopata mvua. Sikuwahi kujua. Ladha hiyo ilikuwapo siku zote, au ni njaa? Nikaomba sahani ya pili ili nihakikishe. Sikupewa.

Alhamisi, 7 Agosti

Ushindi! Bi Mwanamize amenipa kipande cha muhogo. Nikafumba macho. Nikanyamaza. Nikasema: bondeni. Akashtuka. Kweli ameung'oa bondeni. (Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Hilo sikulitaja.)

Tena sikia. Shehe ameshikwa na mafua. Pua imeziba, hanusi wala haonji sawasawa. Na Jumapili wanakuja wageni kutoka Mkoani kumposa binti yake, Kazija. Tangu ajenge nyumba ile hakijatoka chakula cha wageni bila yeye kukionja. Sasa anataka ulimi wa kuazima, na Bi Mwanamize ametaja wangu! Shehe ameniita. Nikionja vizuri, nabaki jikoni mpaka karafuu ziishe. Nikimwaibisha, narudi mtini.

Nikamwuliza, kwa adabu, alijuaje kwamba yeye ni mjuzi. Akapiga chafya. Akasema mlafi hukumbuka mahali aliposhiba, yeye hukumbuka kila mchuzi na mkono uliouunga. Nimejipima. Mimi nakumbuka nilikoshiba kote. Si kazi ngumu, ni mahali pawili.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya mkosi.

Nimeamka shavu limevimba. Jecha, kwa huruma, akanishauri nitafune karafuu mbichi. Yeye jino likimuuma hutafuna moja. Mimi, kwa kuwa siku ilikuwa kubwa, nikatafuna konzi nzima, kiganja kikijaa. Jino likatulia. Ufizi ukatulia. Kisha mdomo wote ukafa ganzi, na ulimi ukawa kama kipande cha gunia.

Jikoni, Bi Mwanamize akanipa kijiko cha mchuzi wa kuku wa nazi. Nikafumba macho. Nikanyamaza, tena safari hii nilinyamaza kweli. Hapakuwa na kitu! Si chumvi, si nazi, si kuku. Nilikuwa nimetia joto mdomoni. Niseme ukweli? Nikauona mti. Nikasema: chumvi haijakolea.

Akanitazama. "Nchuzi huu?" Nikasema huo huo. Akataka kuonja mwenyewe. Nikamkumbusha kwamba leo ulimi wa Shehe ni mimi. Akaongeza. Nikaonja: joto. Nikasema bado. Mara ya tatu akaongeza huku akisema ameamrishwa amfuate mjuzi, basi anamfuata, na Mungu ni shahidi.

Wageni wakakaa. Mzee Msellem, baba wa mposaji, akatia tonge. Akaacha kutafuna. Akaomba maji. Akaomba na mtungi wenyewe. Kisha akamgeukia mwenyeji wake kwa heshima zote: "Shehe, bahari yenu imeingia mpaka jikoni?" Shehe naye akatia tonge. Hata mafua hayakumzuia kuijua chumvi ile. Machozi yalimtoka.

Posa imepona. Kazija mwenyewe aliwahi kutoa halua na kahawa, wageni wakacheka, maneno yakaendelea. Mimi sikupona. Bi Mwanamize, mwenye sifa Konde nzima, alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Akaniuliza, "Kwani weye, ulimi umeuacha bara?" Nikataka kumwomba radhi. Mdomo ulikuwa bado na ganzi, yakatoka mate.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepewa mkarafuu mrefu kuliko yote. Jecha, kutoka chini, ameniuliza kama huko juu chumvi imekolea.

Nimepata nafasi ya kufikiri. Kosa si langu. Kuku si fani yangu, basi.

Na habari njema! Vuai, utingo wa lori la Wete, amesema kuna mchuuzi Gando anatafuta mtu wa kumchagulia pweza. Sijawahi kumwona pweza. Lakini nilipoulizwa sikubabaika. Nikafumba macho, nikanyamaza, nikasema pweza mzuri mimi namjua kwa wepesi wa mifupa yake. Vuai alicheka mpaka akashikilia ubao wa lori. Amefurahi sana kupata mjuzi.

Naondoka naye keshokutwa. Nzega nitarudi mwezi wa kumi, na kitambi.